Kwao ni Wapi? Habari za Makao ya Watu wa Kenya

Katika daftari la wanachama wa Chama chetu mna safu saba, na juu ya safu ya nne limeandikwa neno moja tu: "Kwao." Kila mtu anapojiunga, karani humwuliza jina lake, kazi yake, nambari ya nyumba yake hapa mtaani, kisha humwuliza kwao, naye hutaja wilaya na lokesheni, na mara nyingi hata jina la kilima au la mto. Nimeijaza safu hiyo kwa miaka minane pasipo kuifikiri. Mwaka huu imenibidi kuifikiri.

Sababu yake ni hii. Wasomaji wajua ya kuwa Kanuni ya Tisa yatuamuru tutoe fedha za jeneza kwa kila mwanachama aliyefariki, na juu ya hizo fedha za gari la kumpeleka kwao, kwa kadiri ya urefu wa safari. Mwezi wa Machi alifariki mzee mmoja aliyekuwa mwanachama tangu Chama kuanza. Watoto wake, ambao wote walizaliwa mtaani humu, walimzika Lang'ata, kisha wakaja kuomba zile fedha za gari ziwasaidie kulipia kaburi. Halmashauri ilikataa, maana kanuni haikusema hivyo. Siku ile palisemwa maneno makali. Mmoja wetu alisema kwamba mtu aliyezikwa mjini ametupwa. Binti wa marehemu akajibu kwamba baba yake hakutupwa, bali amelazwa kwao. Shauri hilo sasa litakatwa na Mkutano Mkuu, nami nimeagizwa niandike habari zake tangu mwanzo, ili wanachama wajue safu ya nne ilitoka wapi.

Yasemwa na wengi ya kwamba tangu kale kila kabila la Kenya lilikuwa na nchi yake na mpaka wake, na ya kwamba kuchanganyika kwa watu ni jambo la miji na la siku hizi. Maneno hayo si uongo mtupu. Kila watu walikuwa na mahali walipopapenda na kupaheshimu. Wamijikenda walikuwa na kaya zao ndani ya misitu ya pwani, Wakikuyu walikuwa na mashamba ya ukoo waliyoyaita githaka, na Waluo walikumbuka mahame ya babu zao. Lakini mpaka wa nchi hizo ulikuwa kama ufuo wa bahari, ambao upo kweli, ila hauko mahali pamoja asubuhi na jioni. Tena penye mpaka ndipo palipokuwa na soko. Pale Sondu, Mluo na Mkipsigis walikutana kuuziana nafaka na mifugo, na soko hilo lingali lipo. Wanawake wa Kikuyu walikwenda kwa Wamasai na mizigo ya vyakula hata katika siku ambazo waume zao walikuwa wakipigana.

Njaa na maradhi yaliwahamisha watu kuliko vita. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wa Wamasai, na ndui ikafuata. Jamaa nyingi zikakimbilia kwa Wakikuyu, na wengine hawakurudi tena, wajukuu wao leo ni Wakikuyu. Wakamba walipokosa mvua waliteremka hata Rabai. Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano walitoka upande wa Uganda, nao lugha yao ilikuwa ya Kibantu. Vizazi vikapita, wakasema Kiluo, na katika hesabu nyingi wakahesabiwa kuwa Waluo. Na mtu akitaka ushahidi wa mjini asiende mbali, na amwulize mwenyeji wa Mombasa ayataje yale Mataifa Kumi na Mawili. Atasikia Wapate, Wafaza, Wamtwapa, Wakilifi. Wenyeji wenyewe wa mji ule, ambao hakuna awezaye kuwaita wageni, wanachukua majina ya mahali walikotoka.

Habari za sheria nitazipitia upesi, maana zimeandikwa katika vitabu vingi. Reli ilianza Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Wakati huo Kisumu ilihesabiwa kuwa katika Uganda. Mwaka wa 1902 Serikali ya Kiingereza iliusogeza mpaka, na watu wa upande ule wote wakawa wa nchi hii pasipo hata mmoja wao kuhama nyumbani mwake. Mwaka uo huo ilitoka Sheria ya Ardhi ya Mfalme, na nyingine yenye nguvu zaidi ikatoka mwaka wa 1915. Wamasai waliondolewa katika Bonde la Ufa kwa mapatano ya 1904, kisha wakaondolewa Laikipia kwa mapatano ya 1911. Walikwenda mahakamani mwaka wa 1913, wakashindwa. Mwaka wa 1926 mipaka ya rizavu ilitangazwa katika gazeti la Serikali, kila kabila na rizavu yake. Tume ya Ardhi iliyowekwa mwaka wa 1932 ilitoa taarifa yake 1934, na mwaka wa 1939 ile Nyanda ya Juu ya Wazungu ikawekewa mipaka kwa amri iliyotoka Uingereza, kiasi cha maili za mraba 16,700. Huko kaskazini wilaya zilifungwa kabisa, asiingie mtu wala asitoke ila kwa ruhusa.

Ndivyo ufuo ulivyofanywa ukuta, nao ulijengwa kwa muda usiozidi umri wa mtu mmoja.

Na ili ukuta huo ufuate mtu hata akiwa safarini, palikuwako kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka wa 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alikichukua, naye alikitia katika kikopo cha bati na kukivaa shingoni. Kilikomeshwa mwaka wa 1947, lakini wako wazee waliokihifadhi sandukuni, na jamaa ya mwanachama mmoja walinionyesha cha babu yao. Nilikifunua kwa uangalifu, maana karatasi yake imeanza kukatika, na nilichokiona kilinishangaza: jina, kabila, wilaya, kazi, jina la bwana wake. Ni daftari letu! Karani wetu wa kwanza aliwahi kufanya kazi katika ofisi za Serikali kabla ya Uhuru, naye alipopewa kazi ya kupiga mistari ya daftari la Chama alipiga ile aliyoizoea mkono wake. Simlaumu, nami nimeifuata.

Sasa niseme habari za mji. Nairobi ilianza kama kambi ya reli penye maji baridi ya Wamasai, nayo ilipokuwa ikikua ilipangwa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikaa penye miinuko, upande wa magharibi na wa kaskazini, kwenye udongo mwekundu; Wahindi walikuwa na Bazaar yao, kisha Ngara na Parklands; Mwafrika aliwekwa mashariki, ng'ambo ya reli, kwenye udongo mweusi unaonata viatu wakati wa masika. Mtu akisafiri leo kwa matatu toka Muthaiga hata Makongeni aweza kuona mpango huo kwa macho yake, ijapokuwa sheria zake zilikwisha kufa zamani.

Lakini jambo kubwa halikuwa udongo. Jambo kubwa ni kwamba Mwafrika hakukusudiwa kukaa mjini. Alikuja kutafuta fedha za kodi, na alipokwisha kuzipata alitazamiwa kurudi rizavu. Mshahara wake ulihesabiwa kuwa wa mtu mmoja asiye na mke, na chumba chake kadhalika, hata wanaume wanne au zaidi walilala katika chumba kimoja kule Muthurwa na Shauri Moyo. Mke alibaki na jembe na watoto. Akiugua alirudi, akizeeka alirudi, na akifa alipaswa kurudi.

Hapo ndipo vyama vya namna yetu vilipozaliwa. Mtu aliyefika stesheni hali hamjui mtu alihitaji mahali pa kulala, na mtu wa kumwandikia barua, na zaidi ya yote alihitaji kujua ya kwamba akifa hatazikwa kama mtu asiye na wenyewe. Waluo walikuwa na umoja wao, Waluhya wao, Wakamba wao, na ndani ya kila umoja palikuwa na vyama vidogo vya lokesheni na vya ukoo. Kazi yao ilikuwa njema, nami sitaki msomaji adhani naidharau. Katika mji usiomtaka Mwafrika ila mikono yake, ni vyama hivyo vilivyomhesabu kuwa mtu. Walakini ni kweli pia kwamba vilimhesabu kwa hesabu ile ile ya kipande.

Wako waliokataa hesabu hiyo, nao husahauliwa mara nyingi. Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, Waafrika waliruhusiwa kujenga nyumba zao wenyewe katika viwanja vya Halmashauri ya Mji. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake, wengine wao waliokimbia ndoa mbaya au waliofiwa, ambao huko kwao hawangepewa hata kipande cha shamba. Wengi wao walisilimu. Uislamu uliwapa majina mapya na jamaa mpya, na mtu akifa alizikwa upesi palipo karibu, kama dini inavyoamuru. Makaburi ya Kariokor yajua habari zao. Jina la mtaa huo wa Kariokor nalo latoka katika kambi ya wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, watu waliokusanywa toka kila upande wa nchi. Wanubi wa Kibera, ambao babu zao walikuwa askari kutoka Sudan, wamezika watu wao hapo Kibera tangu mwanzo wa karne iliyopita, na hata hivyo walingoja mpaka mwaka wa 2017 ndipo wakapewa hati ya ekari 288. Watu hawa hawakuhitaji fedha za gari. Kama Kanuni ya Tisa ingeandikwa na mama mmoja wa Pumwani, ingekuwa na maneno mengine.

Hata majina ya makabila yenyewe mengine hayana umri mkubwa. Wabukusu, Wamaragoli, Watiriki, Wanyore na wenzao walianza kujiita Waluhya kwa pamoja katika siku za wazee wetu, na vyama vya mjini vilisaidia sana kulieneza jina hilo. Wanandi, Wakipsigis, Watugen, Wakeiyo na Wamarakwet walilichukua jina la Wakalenjin katika miaka ya 1940, nalo maana yake ni "nakuambia" tu, neno la kuanzia mazungumzo. Jina la Mijikenda nalo lilishika wakati huo huo mahali pa jina la Wanyika, ambalo wenyewe hawakulipenda. Sisemi kwamba majina haya ni ya uongo. Mtu aliyepewa jina na babake hawi mtu wa uongo kwa kuwa babake ndiye wa kwanza kulitumia. Nasema tu kwamba watu walijikusanya chini ya majina haya kwa kuwa Serikali ilisikiliza kundi kubwa lenye wilaya yake, wala haikumsikiliza mtu mmoja mmoja.

Jambo hilo lilitiwa muhuri mwaka wa 1955. Chama cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka wa 1953, na Serikali iliporuhusu tena siasa za Waafrika iliruhusu vyama vya wilaya tu. Chama cha nchi nzima kilikatazwa mpaka mwaka wa 1960. Kwa miaka mitano, yaani katika siku zile ambazo viongozi wa Uhuru walikuwa wakijifunza kazi yao, kila kiongozi alijifunza ndani ya wilaya yake. Wenye kushangaa kwa nini kura zetu hufuata mipaka ya wilaya wasiusahau mwaka huo.

Na hata hivyo palikuwa na Tom Mboya. Alizaliwa mwaka wa 1930 katika shamba la mkonge la Mzungu huko Kilima Mbogo, mbali na Rusinga walikotoka wazazi wake. Alisoma Kabaa katika Ukambani, kisha Yala, kisha Mang'u. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ukaguzi wa afya katika Halmashauri ya Jiji la Nairobi. Mwaka wa 1961 alisimama Nairobi Mashariki, mahali ambapo wapiga kura wengi hawakuwa wa kabila lake, na mpinzani wake alikuwa Mkikuyu mwenye heshima, Daktari Munyua Waiyaki. Mboya akashinda kwa kura nyingi mno. Watu wa mitaa hii walimchagua kwa kuwa alikuwa mtu wa mitaa hii. Alipopigwa risasi mjini tarehe 5 Julai 1969, mwili wake ulichukuliwa kwa barabara hata Rusinga, ukazikwa huko. Safu ya nne ya mtu huyo ingejazwaje? Mzaliwa wa Kilima Mbogo, mbunge wa Nairobi, kaburi lake kisiwani. Na kwa nasaba ni Msuba, wa watu waliokuja kuhesabiwa kuwa Waluo. Kila jibu ni kweli.

Mwaka wa 1980 viongozi wa nchi waliamua kwamba vyama vya makabila vivunjwe. Hata mipira iliguswa: timu ya Abaluhya ikawa AFC Leopards, na Luo Union ikawa Re-Union. Chama chetu kilipona kwa kuwa ni cha mtaa, nacho kina watu wa kila namna. Lakini vyama vya ukoo viliendelea kimya kimya, maana watu hawakuacha kufa.

Tena ilikuja kesi ya wakili S. M. Otieno, ambayo wanachama wenye umri wanaikumbuka vema. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Bi Wambui Otieno, aliyekuwa Mkikuyu, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga katika Siaya. Mwili ulikaa katika chumba cha maiti zaidi ya miezi mitano, na magazeti yakauzwa kuliko wakati wa uchaguzi. Mahakamani palibishaniwa neno ambalo Waswahili twalitamka kila siku pasipo kulipima: je, nyumba aliyoijenga mtu Nairobi, akaishi humo na mkewe na wanawe, ni nyumbani kwake, au ni nyumba tu? Mwalimu wa falsafa, Odera Oruka, aliitwa kutoa ushahidi juu ya mila. Mwezi wa Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na tarehe 23 akazikwa Nyalgunga. Mkewe hakuhudhuria.

Hukumu ile wengine waliipokea kwa furaha na wengine kwa uchungu, na baada ya miaka yote hii bado wanagombana wakikutana. Mimi naona jambo moja ndani yake ambalo latuhusu. Umira Kager kilikuwa chama kama chetu, chenye mwenyekiti na mchango. Kilichoanzishwa ili mtu asikose wa kumzika sasa kilikuwa na nguvu ya kumwambia mjane ni wapi atamzika mumewe.

Neno "kwao" halina nyumba wala ardhi ndani yake. Ni mahali pa wao, basi. Ndiyo maana laweza kubeba mapenzi, na laweza kubeba panga. Likoni mwaka wa 1997 watu wa bara waliambiwa warudi kwao. Bonde la Ufa waliambiwa hivyo katika miaka ya 1990, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu zaidi ya 1,100 walikufa na mamia ya maelfu walihama. Wengi walioambiwa "rudini kwenu" walikuwa wamezaliwa pale pale, watoto wa maskwota wa mashamba ya Wazungu au wa walionunua ardhi baada ya Uhuru. Walipopelekwa katika wilaya zilizoandikwa katika vitambulisho vyao, walikuta hawajulikani. Tangu wakati huo Katiba ya mwaka wa 2010 imesema wazi kwamba kila raia aweza kukaa na kumiliki mali popote katika Kenya, na mwaka wa 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ililitia neno "madoadoa" katika orodha ya maneno ya chuki. Mimi nilisikitika, maana ni neno zuri la nguo na la chui.

Wengine nao walipata kwao kwa kutembea. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, walikwenda kwa miguu toka Kwale hata Nairobi mwaka wa 2016 kuomba uraia, wakaupata. Wahindi wa Kenya walitangazwa kuwa kabila la 44 mwaka wa 2017, baada ya zaidi ya miaka mia na ishirini tangu babu zao kulaza mataruma ya reli. Wapemba wa pwani walitambuliwa mwaka wa 2023.

Sasa narudi kwenye daftari. Mapendekezo yatakayoletwa mbele ya Mkutano ni mawili. La kwanza ni kuiacha Kanuni ya Tisa kama ilivyo. La pili ni kutoa kiasi kimoja cha fedha za maziko kwa kila mwanachama, wenyewe wakaamua pa kumlaza. Wazee wa safari ndefu wana hofu ya haki ya kwamba kiasi kimoja hakitafika Busia wala Mandera, na mwekahazina amekubali kuonyesha hesabu mbele ya wote ili hofu hiyo ijibiwe kwa tarakimu. Kuhusu marehemu wa mwezi wa Machi, madai ya watoto wake yatasomwa kabla ya kura, si baada yake, nami nimewaandikia barua kuwajulisha.

Vijana wanane wamejiunga mwaka huu, wote wazaliwa wa mtaa. Watatu walitaja ushago wa baba zao. Wanne walitaja mtaa. Mmoja aliandika kotekote viwili kwa herufi ndogo sana, kwa kuwa safu ni nyembamba, na katika daftari jipya nimeipanua kwa nusu inchi kwa idhini ya Halmashauri. Mkutano Mkuu utakuwa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nane mchana, katika ukumbi wa mtaa. Kila mwanachama aje na kadi yake ya mchango.